Mtu Aliyesimama Juu ya Magugu

"Mashua ile ile, saa ile ile, mbwa wale wale," alisema Inspekta Shadiah Marjan wa upelelezi, Jinja. "Nikitaka mambo nusunusu nitabaki ofisini."

Waiswa alikuna kisogo akatazama ziwa. Ndiye fundi aliyeiunda mashua hiyo pale Masese akaiuza, na ndiye aliyeitwa leo kuiendesha. "Afande, ngoja kesho. Asubuhi maji inakuwa nzuri."

"Kesho saa tatu asubuhi, saa arobaini na nane za kumweka mama huyu mahabusu zinakwisha. OC, mkuu wa kituo, amekwisha andika shtaka la mauaji, bado sahihi tu. Tunaondoka leo saa nane, kama walivyoondoka wao Jumamosi."

Mwanamke aliyekuwa akianika mukene, dagaa wa ziwa hilo, kando ya maji akainua kichwa. Aliitwa Kagoya, na mdomo wake haukujua likizo. "Saa nane? Wee! Nani anaingia mfereji ule saa nane? Upepo wa ziwani ukianza tu, magugu yanafunga. Masese nzima inajua!"

"Mama, anika samaki," Waiswa akamwambia akicheka. "Afande ana kazi."

Shadiah hakucheka. Alilitia neno lile akilini, akamwachia Konstebo Otim maagizo ya kukaa na redio ufukoni, akapanda.

Kupanda kwenyewe kulikuwa mtihani. Shadiah alikuwa Mnubi, mtoto wa askari, mzaliwa wa Namatala kule Mbale, na tangu utoto alifundishwa kwamba pua mbichi ya mbwa ikikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa udongo utaupata wapi katikati ya ziwa? Akakaa kwenye ubao wa kati, kakunja miguu, macho hayabanduki kwenye pua mbili nyeusi. Kulikuwa na Koplo, dume kubwa lenye sikio moja lililochanika, na Binti, jike jekundu lisilotulia. Kila pua ilikokwenda, jicho la Shadiah lilikwenda.

Mwenye mbwa alikuwa Enos Mafabi, sajini mstaafu wa magereza, mfunza mbwa aliyestaafu pamoja nao, mkazi wa Malukhu, Mbale. Jumamosi alimpakia mkewe Janepher katika mashua yao mpya, pamoja na mbwa, chupa ya chai na ndizi gonja za kuchoma, kwa safari yao ya kwanza. Jumapili asubuhi wavuvi waliikuta mashua imenaswa kwenye magugumaji. Janepher na mbwa wamo, Enos hayumo. Jumatatu maiti ikaibuka. Daktari akaandika: pigo moja kisogoni, la kitu kirefu kama ubao, kisha maji.

Kwa OC mambo yalikuwa mepesi. Waiswa aliapa kwamba mashua aliiuza na makasia mawili, na lilikutwa moja. Basi mke kampiga mume kwa la pili, kalitupa. Isitoshe, maelezo ya mke yalikuwa kichekesho: eti mumewe, mtu mzima na akili zake, alishuka mwenyewe akatembea juu ya ziwa. "Mjinga wa hivyo hayupo," OC alisema, "hata Mbale."

Neno hilo lilimchoma Shadiah, maana Mbale ndiko kwao. Lakini kilichomfanya aombe siku moja zaidi si hasira. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi alikuwa amewahoji wauaji wengi, na wote walikuja na uongo uliopigwa pasi. Huu wa Janepher ulikuwa mbovu mno kuwa uongo.

Injini iliunguruma, Waiswa nyuma kashika usukani, mashua ikaingia mferejini. Huku magugu, huku magugu, mabichi, manono, yenye maua ya zambarau, na katikati ukanda wa maji wa kupita mashua mbili. Mwaka ule wa 1997 lilikuwa balaa la ziwa zima. Ukiyatazama ungesema ni shamba la mtu, limenyeshewa jana.

Shadiah akasogea karibu na Janepher, waliyemtoa mahabusu kwa safari hii, ili kelele za injini ziwafunike. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni lake la gomesi lile lile la Jumamosi, macho yamevimba.

"Nani aliwaambia mpite huku?"

"Fundi. Alisema tuondoke saa nane, tukishakula, maji imetulia."

Shadiah alimkumbuka Kagoya na mukene wake. Masese nzima inajua, na fundi ni wa Masese. "Bwana aligombana na mtu?"

"Kugombana, hapana. Ijumaa aliomba fundi karatasi ya injini. Fundi akasema Jumatatu. Bwana wangu akasema, Jumatatu bila karatasi, mimi naenda polisi."

"Kwa ajili ya karatasi tu?"

"Alisema namba ya injini imekwanguliwa."

Shadiah hakugeuka nyuma. Kugeuka pale kungekuwa sawa na kupiga kelele.

Saa tisa kasorobo upepo uligeuka. Aliusikia shingoni kwanza, baridi, kisha akayaona magugu ya kulia yakianza kutembea, polepole, bila haraka ya mtu anayejua atafika. Pangaboi likazongwa na mizizi, injini ikakohoa mara tatu, ikazima. Alipotazama walikotoka, palikuwa pori. Mbele pori. Mbao za mashua zililia zikibanwa huku na huku, na harufu ya tope lililooza ikapanda.

Akajaribu redio yake ya mkononi. Ilikoroma kama mlevi, kisha haikusema kitu.

"Hapa ndipo?" alimuuliza Janepher.

"Hapa hapa." Mama wa watu alikuwa anatetemeka. "Ule mti mkavu. Niliutazama usiku kucha."

"Si nilisema?" Waiswa alitema mate majini, yaani kwenye majani, maana maji hayakuonekana tena. "Sasa ni mpaka alfajiri, afande. Upepo wa nchi kavu ndiyo unafungua. Ngoja nijaribu kukata." Akaliacha kasia lake nyuma kando ya injini, akachukua panga, akaenda mbele kabisa, akaanza kufyeka akiwa amewapa mgongo.

Sasa Shadiah aliinuka. Akajifanya ananyoosha miguu, akainama kwenye injini. Pale penye kibati cha namba palikuwa na mikwaruzo ya tupa, inang'aa bado. Mezani kwake Jinja kulikuwa na jalada nene la injini zilizoibwa gatini tangu Januari. Za mwizi ni arobaini, lakini loo, ya arobaini imemkuta yeye Shadiah katikati ya ziwa, bila bastola, na mwizi mwenyewe ndiye nahodha.

Akarudi kuketi. Alikuwa anaogopa, na hakujidanganya. Panga lilikuwa mkononi mwa Waiswa, njia ilikuwa kichwani mwa Waiswa. Akiwatosa hapa, kesho atalia kuliko wote.

Lakini wizi si uuaji. OC angemwambia hivyo hivyo: funga mwizi, funga na mke. Ilibidi apate zaidi, tena kimya kimya.

"Janepher. Nieleze sasa, polepole. Alishuka kwa nini?"

"Nitasema utacheka."

"Mimi nimekaa na mbwa wawili kwenye mtego. Sina kicheko."

Janepher aliyatazama magugu. "Kulikuwa mtu. Amesimama juu ya majani, pale, upande wa mti mkavu. Jua lilikuwa machoni, sikuona uso. Kofia tu. Akainua mkono, akatuita hivi, njooni, njooni. Bwana wangu akasema, unaona, kumbe hapa panabeba, ndiyo maana yule amesimama. Sisi ni watu wa mlima, afande. Kwetu ukiona majani mabichi, chini ni udongo. Hatua ya kwanza ilibeba. Ya pili. Ya tatu akazama mpaka kifuani. Yule mtu akainua kasia. Mimi nikafikiri anamnyooshea amvute. Nikamshukuru Mungu." Alikamata ukingo wa mashua. "Nilishukuru Mungu, afande. Halafu majani yakafunga, sikuona mtu tena, si huyu si yule."

"Mbona haya hayamo kwenye maelezo yako?"

"Nilimwambia Otim. Akasema hayo ni mashetani ya ziwa, hakimu hataki mashetani. Akaandika tu kwamba alishuka akatembea."

Shadiah aliuma meno. Otim! Kijana mtiifu, mwandiko mzuri, na kwa mwandiko huo mzuri alitaka kumnyonga mtu.

Mtu hawezi kusimama juu ya magugu. Ila akisimama ndani ya kitu kilichojificha kwenye magugu. Na huyo aliyesimama alijua wapi watanaswa na saa ngapi. Hiyo ilikuwa fikra nzuri, lakini fikra haipelekwi mahakamani. Shadiah akafungua mkoba, akatoa mfuko wa vielelezo wenye kofia ya Enos. Nia yake ilikuwa moja: kama kuna tone la damu ya Enos kwenye mbao hizi, OC ana haki. Kama halipo, pigo lilipigwa nje.

"Hawa mbwa hutumwa vipi?"

"Kwa Kiswahili. Unawanusisha kitu cha mtu, wanatafuta damu yake. Yeye ndiye anawatuma, mimi hapana."

"Mbona unakisema?"

"Cha kuongea nitakuongelesha. Cha kuamrisha sitaki." Janepher alishusha sauti. "Wakati jeshi linatawala nilikuwa msichana, kwetu Busiu. 'Lala chini' waliambiwa watu. Baba yangu aliambiwa, mbele ya mlango wake. Sitasema hilo neno hata kwa mbwa."

Shadiah alikuwa mtoto wa askari wa wakati ule ule. Aliigeuza kofia mkononi. Kisha akainyoosha kofia mbele ya zile pua mbili, mkono umekakamaa, akanong'ona kwa sauti ya baba yake ya kambini: "Tafuta."

Masikio yakasimama. Ala, ustaafu gani huo! Mbwa wakazifuata mbavu za mashua, pua chini, mmoja kulia mmoja kushoto. Wakanusa ubao wa kati alipoketi Enos Jumamosi, mikia ikatikisika, wakapita. Wakanusa ukingo, kamba, sakafu yote. Wakapita. Hapakuwa na damu. Shadiah akashusha pumzi, akaendelea kuzichunga zile pua, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo tangu saa nane.

Koplo alifika nyuma. Akalinusa kasia la Waiswa kwenye mpini, asijali. Akateremka nalo hadi kwenye bapa, pale mbao mbili ndogo zilipoungwa kwa misumari. Akasimama. Akanusa ule ufa, tena, na tena. Kisha lile dume zima likajilaza chini, taratibu, kidevu juu ya kasia, likatoa sauti ndogo ya kulia. Binti akaja, akanusa, akalala kando yake.

Janepher aliziba mdomo kwa mkono. "Wakipata, wanalala," alisema, neno halikutoka zaidi ya pumzi. "Aliwafundisha hivyo."

Mbele, panga lilikuwa limenyamaza.

Shadiah hakuwa na muda wa kufikiri. Akamshika Koplo ukosi, mkono wote kwenye manyoya yenye maji, pua ikampitia kiganjani, akamvuta kwake. "Njoo hapa, mvivu wewe," akasema kwa sauti kubwa. "Wamechoka na jua, Waiswa. Vipi huko?"

"Ngumu." Waiswa alikuwa amegeuka, jasho linamtiririka, macho yanakwenda kwa mbwa, kwa kasia, kwa uso wa Shadiah.

"Kasia zuri hili. Mvule?"

"Mvule, afande. La marehemu baba yangu."

"Ndilo lile la pili la mashua, au nini? Maana tunalitafuta."

"Hapana! Hili langu. La mashua liko kwenu polisi, ndiyo maana nilileta hili la nyumbani."

Mawili aliyoyaapia yamekuwa moja, Shadiah aliwaza.

"Enos hakulijaribu siku ya kununua? Si unajua wanunuzi, hushikashika kila kitu."

"Hakuna mtu anagusa kasia la baba. Hata mke wangu hagusi." Alisema kwa fahari, na fahari ile ilikuwa ya kweli. Mtu wa mlimani angelitupa lile kasia siku ile ile. Mtu wa ziwani hawezi. Kasia la baba linaoshwa, linafutwa, linarudishwa juu ya dari, na kwake yeye kilichooshwa na ziwa kimetakata.

"Na huku ulikuja lini mara ya mwisho?"

"Wiki mbili, tatu. Nilishasema kwa maelezo."

"Ndiyo, nimeyasoma," Shadiah alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hao walikuwa wamebanwa nacho katika mashua ya hatua nane. Waiswa alilitazama jua, akayatazama magugu, akalipangusa panga kwenye suruali. Shadiah alimwona akipiga hesabu zake, kuua au kukimbia, na zote mbili zilimtisha.

"Afande, mimi nina mtumbwi wangu hapa karibu," Waiswa alisema hatimaye. "Wa nyavu. Nitaenda nao, nilete watu. Nyinyi ngoja tu."

Kabla hajajibiwa alipanda ukingo, akaupima umbali kwa jicho, akaruka. Alitua ndani ya magugu hatua tatu tu toka mashuani, na hakuzama. Alisimama wima pale, majani yakimfika magotini, kofia kichwani, jua nyuma yake. Ungeapa amesimama nchi kavu. Akainua mkono, akaita kwa kiganja.

"Nitupie kasia, afande. Haya, lete, lete."

Janepher akapiga ukelele uliowatimua ndege kwenye mti mkavu. "Ndiye! Mungu wangu, ndiye! Hivyo hivyo! Mkono huo huo!"

Uso wa Waiswa ukabadilika. "Huyo mwanamke ana wazimu. Afande, kasia."

Shadiah alilichukua lile kasia kwa pindo la shuka alilojifunga, akaliweka sakafuni, akalikalia. "Mtumbwi wako umeufichia hapa hapa, Waiswa. Mahali ambapo hujafika wiki tatu."

"Nipe kasia!"

"Njoo ulichukue."

Waiswa alikunja goti aruke kurudi, panga juu. Shadiah alifungua mdomo awaamrishe mbwa, sauti ikamkauka kooni. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Janepher. Alikuwa amesimama, gomesi imelowa hadi magotini, na alilitoa neno moja kwa Kiswahili cha kambini, kikali, kilichokaa ndani yake miaka ishirini.

"Linda!"

Koplo na Binti walikuwa ukingoni kabla neno halijaisha, miguu ya mbele juu ya ubao, meno nje, wakimngurumia mtu waliyemjua. Waiswa alirudi nyuma nusu hatua, mtumbwi uliojificha ukayumba chini yake, akapanua mikono kujizuia. Hakujaribu tena.

Hapo alisimama. Kurudi, mbwa. Kwenda, hana kasia, na mikono mitupu haisukumi mtumbwi katika magugu mazito kama godoro. Kutembea juu yake? Katika watu watatu waliokuwapo, yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba hayabebi.

"Bila mimi hamtoki," alisema. Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba.

"Tutatoka alfajiri," Shadiah akamjibu. "Upepo wa nchi kavu utafungua. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Afande, tuongee. Ilikuwa ajali. Yeye ndiye alitaka kunifunga kwa injini tu, injini moja..."

"Endelea kuongea. Nasikia, na mama anasikia."

Akanyamaza. Magugu yakasogea tena, mashua ikalia, na pengo kati yao na mtumbwi likajaa majani mpaka hukuweza kusema mashua inaishia wapi. Wote watatu walikuwa wamenaswa humo humo, na usiku ulikuwa bado mrefu mbele yao. Lakini Janepher alikuwa ameketi, mkono mmoja mgongoni mwa Koplo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili hakuwa anatetemeka.

"Afande," alisema. "Yale maelezo. Yanaweza kuandikwa tena?"

"Yanaweza."

Shadiah alitoa daftari lililolowa pembeni, akatafuta ukurasa mkavu. Binti akaja akaiweka pua yake mbichi juu ya mkono wa kushoto wa inspekta, akaiacha hapo. Shadiah aliitazama. Ataosha, mara saba, udongo upo Masese. Hakuuondoa mkono.

"Sema," alisema. "Taratibu. Neno kwa neno."

"Andika hivi: Mimi Janepher, mke wa Enos Mafabi, nilimwona mtu amesimama juu ya magugu."

Shadiah aliandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mpelelezi wa kuhakikisha kila kitu, aliinua macho atazame. Waiswa alikuwa bado amesimama.